Bahari ya Watu Katika Gati Lililofukiwa

Katikati ya mji wa Hull, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kuna bustani iliyo chini ya usawa wa barabara zinazoizunguka. Zamani pale palikuwa gati la meli, maji yaliyozungushiwa kuta za mawe. Lilifunguliwa mwaka 1778, likahudumia vyombo vya baharini kwa zaidi ya karne moja, kisha miaka ya 1930 likafukiwa, ila halikujazwa hadi juu. Bustani iliyopandwa humo ikaitwa Queens Gardens. Alfajiri ya tarehe 9 Julai 2016, watu 3,200 walikusanyika mle, wakavua nguo zote, wakajipaka rangi ya buluu tangu utosini hadi nyayoni. Gati likajaa tena.

Aliyewaita ni Spencer Tunick, Mmarekani aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1967. Jumba la sanaa la Ferens, lililopo mjini humo humo, lilimwagiza kazi hiyo wakati Hull ikijiandaa kuwa Mji wa Utamaduni wa Uingereza kwa mwaka 2017. Wengi humwita mpiga picha wa watu uchi, na hapo huishia. Mwenyewe anaihesabu kazi yake kuwa sanaa inayosimikwa mahali: umati wenyewe, pale uliposimama, kwa zile dakika chache, ndiyo kazi, na picha ni ushahidi unaobaki baada ya watu kuvaa na kurudi makwao. Nimezitazama picha zake kwa muda mrefu na nakubaliana naye. Habari zinazoandikwa kumhusu hukomea kwenye idadi ya watu na mshangao wa utupu. Mimi nataka kuusifu ufundi, yaani namna anavyowachukua watu wasiojuana, wenye baridi na wasiwasi, akawafanya kuwa kitu kimoja chenye umbo.

Tuanze na rangi. Watu waliitwa saa tisa usiku. Kila mmoja alipewa kopo lake, na kulikuwa na buluu nne, kutoka iliyopauka hadi iliyokolea, zote zilizochukuliwa kutoka kwenye michoro iliyohifadhiwa na jumba la Ferens. Hull ni mji wa mabaharia na wavuvi, na michoro ya bahari haikosekani katika jumba lake la sanaa. Kwa hiyo buluu iliyopakwa kwenye ngozi za watu ilikwisha kupita kwanza kwenye brashi za wachoraji waliowahi kuikodolea macho bahari ile ile. Nne, si moja. Buluu moja juu ya watu elfu tatu ingetoa kitambaa, bapa, kisicho na kina. Zikiwa nne na zimechanganyika, jicho lililo juu huona mkondo: hapa maji mafupi, pale kilindi, pale tena povu linaanza kupasuka. Mchoraji wa maji anaijua siri hiyo. Tunick aliitekeleza kwa watu wanaotembea, wanaokohoa, wanaotetemeka.

Kisha fikiria kazi ya kujipaka. Kifua, mapaja na mikono mtu hujipaka mwenyewe bila taabu. Lakini kuna nyuma ya masikio, kope, katikati ya vidole, mikunjo ya kiwiko, nyayo. Sehemu moja ikisahauliwa, kamera iliyo juu italiona doa la waridi katikati ya buluu, na doa hilo litavuta jicho kuliko watu elfu. Na kuna mgongo, ambao hakuna anayeweza kuumaliza peke yake. Lazima umwombe aliye karibu nawe, mtu ambaye dakika kumi zilizopita hukujua hata jina lake, akupake, nawe umpake. Hapo ndipo umati huanza kuungana, kabla ya agizo lolote kutolewa. Mtu aliyekwisha kupakwa mgongo na jirani yake hawezi tena kusimama kama mgeni. Sidhani kama kuna hila ya uongozaji iliyo bora kuliko hiyo, kwa sababu inafanya kazi mbili kwa mpigo: inaipatia picha rangi, na inawapatia washiriki ujirani.

Muda nao ni sehemu ya ufundi. Mwezi wa Julai kule kaskazini jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Tunick hupenda saa hizo za mwanzo. Barabara zinakuwa tupu, hilo ni wazi. Lakini mwanga ndio sababu kubwa. Jua likiwa juu, kila mwili hutupa kivuli kwenye mwili wa jirani, na umati unakatikakatika kuwa vipande vyeusi na vyeupe. Mwanga wa alfajiri hutandaa sawasawa. Hauchagui bega la nani liangazwe. Ngozi zote hupata mwanga mmoja, na ndiyo maana katika picha zake nyingi miili huonekana kama imeota pale, kama majani au mawe. Mwanga huo haudumu. Baada ya kuvuka kiwango fulani haurudi hadi kesho, na kesho watu elfu tatu hawatakuwepo.

Kwa hiyo hana nafasi ya kutafuta. Picha lazima awe ameiona kichwani tangu siku alipokuja kukagua mahali. Asubuhi ya kazi anapanda ngazi au mtambo wa kuinua watu, anashika kipaza sauti, na anatoa maelekezo machache yanayoeleweka na kila mtu: simameni mkiangalia huku, lala chali, geuka ubavu, usitabasamu, usiangalie kamera. Miwani, saa, mikufu na hereni vimekwisha vuliwa. Mwenye macho mabovu, basi, hamwoni kiongozi wake. Anabakiwa na sauti tu. Wasaidizi hupita pembeni wakiziba mapengo. Kulala juu ya lami asubuhi ya baridi si jambo la kuvumilika kwa muda mrefu, na anayeongoza anajua kwamba kila sekunde anayopoteza inalipwa na ngozi za wengine.

Kule Hull, baada ya bustani, walitembea hadi mtaa wa Alfred Gelder, mbele ya jengo la Guildhall, wakalala barabarani. Picha ya hapo ndiyo ninayoirudia zaidi. Kuta za mawe za majengo ya serikali zimesimama pande zote kama kingo, na katikati mto wa buluu umejaa mtaa mzima. Anayechagua mchele kwenye ungo anajua macho yanavyofanya kazi katika jambo la namna hii: kwanza huona weupe mmoja uliotandazwa, kisha punje moja baada ya nyingine hujitokeza. Ukiisogelea picha, mto unaanza kuwa watu. Huyu ana kitambi. Yule mifupa ya nyonga imechomoza. Yuko mzee ambaye rangi imezama ndani ya makunyanzi ya shingo. Ukirudi nyuma hatua tatu, wote wamekuwa maji tena. Kazi nzima imo katika safari hiyo ya jicho kwenda na kurudi, na Tunick ameupanga umbali wa kamera kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba hakuna upande unaoushinda mwingine. Angesogea karibu zaidi, tungebaki na watu waliojipaka rangi. Angekwenda juu zaidi, tungebaki na rangi tu.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1992 alikuwa kijana anayepiga picha za mtu mmoja mmoja akiwa uchi katika mitaa ya New York. Mwaka 1994 aliwakusanya watu 28 mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na kuanzia hapo umati ukawa ndio malighafi yake. Polisi walimkamata mara kadhaa. Aprili 1999 alikamatwa Times Square akiwa na watu wapatao 150, enzi ambazo Rudolph Giuliani alikuwa meya. Alikwenda mahakamani. Sheria ya jimbo hilo inakataza mtu kuonesha utupu wake hadharani, lakini inawaachia walio katika mchezo wa kuigiza au maonesho, na hoja yake ilisimama juu ya ruhusa hiyo. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilimpa haki, jiji likaiomba Mahakama Kuu ya Marekani izuie, nayo ikakataa. Juni mwaka huo huo alipiga picha yake chini ya daraja la Williamsburg bila pingu.

Naamini miaka ile ya kukimbizana ndiyo iliyomfundisha kazi. Anayejua kwamba askari wanaweza kutokea wakati wowote hujifunza kuandaa kila kitu mapema, kusema kwa ufupi, na kupiga picha chache zenye uhakika. Nidhamu hiyo ilibaki hata alipoanza kualikwa na mameya na majumba ya sanaa.

Baada ya hapo idadi zilipanda: Melbourne mwaka 2001, watu wapatao 4,500, Barcelona mwaka 2003, watu 7,000, na tarehe 6 Mei 2007, katika uwanja mkuu wa Mexico City, kati ya kanisa kuu na ikulu, watu wapatao 18,000. Hiyo ya Mexico bado ndiyo inayotajwa zaidi. Kwangu mimi si bora kuliko zote. Uwanja ule ni mkubwa na bapa, na watu elfu kumi na nane wanaufunika jinsi zulia linavyofunika sakafu. Mahali na watu havijibizani sana. Idadi ni jambo la kushangaza, lakini mshangao huisha ukitazama mara ya pili. Picha yenye nguvu ni ile ambayo mahali pale pangekuwa na maana nyingine kabisa kama watu wasingekuwepo.

Ndiyo maana kazi ya tarehe 18 Agosti 2007 naiweka juu. Miezi mitatu baada ya Mexico, Tunick alipanda milima ya Alpi huko Uswisi akiwa na watu wapatao 600 tu, kwa ushirikiano na shirika la Greenpeace, hadi kwenye mto wa barafu wa Aletsch. Ndio mrefu kuliko yote ya milima ile, na unarudi nyuma mwaka hadi mwaka kwa sababu ya joto la dunia. Akawasimamisha watu uchi juu ya barafu. Hapo hakuna rangi iliyohitajika, wala maelezo. Ngozi haina kinga dhidi ya barafu, na barafu haina kinga dhidi yetu. Anayeitazama picha ile huhisi ubaridi kwenye nyayo zake mwenyewe, na kwa kupitia nyayo hizo anaelewa jambo ambalo takwimu za wanasayansi zimekuwa zikimweleza kwa miaka mingi bila kumgusa. Watu 600 walitosha. Wangekuwa elfu kumi, mlima ungepotea.

Na kuna kazi ndogo zaidi ya hiyo, ambayo kwa msomaji wa Afrika Mashariki nadhani ina uzito wa pekee. Mwaka 2004, jarida la Kimarekani la POZ, linaloandikia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, lilikuwa linatimiza miaka kumi. Tunick aliwakusanya watu zaidi ya 80, wote wakiishi na virusi, katika mgahawa wa Florent mjini New York, akawapiga picha wakiwa uchi kati ya meza na viti. Sisi tuliowazika wazazi na wenzetu, tulioona sahani na vikombe vikitengwa kwa sababu ya ugonjwa huu, tunajua maana ya mgahawa katika picha hiyo. Ni mahali pa kula pamoja. Mwili uliokuwa ukifichwa chumbani umekaa mezani pamoja na wenzake, na hakuna anayeweza kuusoma kwa kuutazama. Wamo wanene na wembamba, vijana na watu wazima. Mbinu ni ile ile ya Hull, lakini hapa umbali umefupishwa, kwa sababu safari hii kila uso unatakiwa uonekane.

Najua kwamba kwa wengi wetu jambo hili zima ni gumu kulipokea. Tumelelewa katika stara. Mtoto anafundishwa kujisitiri kabla hajafundishwa kusoma, na mtu mzima kuonekana utupu wake ni msiba kwake na kwa aliyemwona. Machi 1992, mwaka ule ule Tunick alipoanza, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakidai wana wao waachiliwe. Askari walipowavamia, baadhi ya wazee wale walivua nguo mbele yao. Hiyo ilikuwa laana, na kila aliyekuwepo aliielewa. Utupu wa mama mtu mzima ulikuwa silaha kwa sababu ulikuwa mzito. Lakini pia wahenga hao hao waliotuachia stara ndio walioacha neno kwamba mficha uchi hazai. Walijua kwamba kuna wakati wa kujifunua, na kwamba jambo linategemea nani anajifunua, kwa nani, na kwa hiari ya nani.

Tunick, nionavyo, analijua hilo vizuri kuliko wanaomlaumu wanavyodhani. Angalia alivyolipanga. Hakuna anayelipwa fedha. Anayeshiriki hupewa nakala ya picha. Anayevua, anavua pamoja na wote, kwa wakati mmoja, na eneo limefungwa ili wavaa nguo wasijazane kutazama. Mtu mmoja uchi kati ya waliovaa ameaibishwa. Watu elfu tatu wakiwa uchi, aliyevaa ndiye asiye na mahali. Matamanio nayo hupoa haraka, kwa sababu jicho halipati pa kutua: kila lilipotua pana mwili mwingine, wa kawaida kama ule uliopita. Picha zake ni miongoni mwa picha chache za uchi ninazozijua ambazo hazimwaliki mtazamaji amtamani mtu. Zinamwacha atazame ngozi jinsi ilivyo, kiungo kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo, chenye makovu, chale, mabaka ya jua na alama za kuzaa.

Ngozi hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya ufukwe wa Bondi, Sydney, tarehe 26 Novemba 2022. Watu 2,500 walisimama mchangani kabla ya jua kupanda, kuhimiza uchunguzi wa saratani ya ngozi, ugonjwa unaowasumbua sana Waaustralia. Kisheria utupu hadharani umekatazwa pale, kwa hiyo ruhusa maalumu ilibidi itolewe kwa asubuhi hiyo. Mpangilio wa picha yenyewe si wa ajabu. Lakini kulikuwa na ulinganifu ambao ni fundi tu angeuona: ili kuzungumzia hatari ya jua, aliwaleta watu wavue nguo ufukweni katika saa ambayo jua lilikuwa bado halina makali.

Wanaomkosoa husema anarudia jambo moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni kweli anarudia. Mfinyanzi naye hurudia chungu, na hatumwambii atengeneze meza. Swali ni kama kuna kitu kinachoongezeka. Kwa Tunick, rangi iliongezeka: mjini Munich mwaka 2012 aliwapaka watu wapatao 1,700 nyekundu na dhahabu kwa ajili ya jumba la opera la Bavaria, na bila jaribio lile buluu nne za Hull zisingewezekana. Maana ya mahali iliongezeka pia, kama Aletsch inavyoonesha. Pale asipoongeza kitu, picha hudhoofika, na zipo hizo, hasa zile ambazo watu wamepangwa kwa safu kama gwaride na mwili umebaki kutii tu.

Kuanzia Aprili hadi Agosti 2017, jumba la Ferens lilionesha picha za Hull pamoja na kazi za Lucian Freud na Ron Mueck, katika maonesho yaliyoitwa Skin. Lilikuwa chaguo la busara. Freud alimkalisha mtu mmoja mbele yake kwa miezi, akimpaka nyama yake kwenye turubai tabaka juu ya tabaka. Mueck huchonga miili ya silikoni, mikubwa au midogo kuliko ya kweli, na hupandikiza nywele moja moja. Wote wawili ni mafundi wa subira, na subira yao inaonekana kwa macho. Ya Tunick haionekani, kwa sababu imetumika kabla: kwenye barua kwa halmashauri, kwenye kukagua mtaa usiku wa manane, kwenye makopo 3,200 ya rangi. Halafu malighafi yake, tofauti na turubai na silikoni, ina miguu na ina hiari. Kila aliyelala kwenye lami ya mtaa wa Alfred Gelder angeweza kuinuka wakati wowote, akachukua nguo zake, akaenda nyumbani. Walibaki hadi alipowaambia imetosha.